Joto la vifaranga: moto ubaki nje, joto liingie ndani

Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa katikati, wamama wa koperative moja ya bonde la Ruzizi walipokea vifaranga 150 vya siku moja. Vilifika ndani ya makartoni yenye matundu, vyote vizima, vinalia kwa nguvu. Pesa ilikuwa akiba yao wenyewe ya mwaka mzima. Siku mbili kabla nilikuwa nimewafundisha: tandika pumba kavu, weka maji safi, funga upepo. Neno hilo la mwisho nililirudilia mara tatu, maana kila mtu wa hapa anaijua ile baridi ya jioni inayoshuka kutoka milima ya Mitumba kwenda ziwani.

Walinisikia vizuri sana. Walifunga dirisha kwa shitingi, wakaziba nafasi kati ya ukuta na mabati kwa magunia, wakaweka mbabula mbili za makala katikati ya chumba. Kijana wa miaka 14 akalala pembeni ili aongeze makala usiku. Asubuhi Mama Prezida alifungua mlango akakuta vifaranga 61 vimekufa, vingine vinayumba kama vimelewa, na kijana haamki vizuri. Walimtoa nje, wakambeba mpaka kituo cha afya. Alipona, lakini siku mbili nzima alilalamika kichwa.

Mama Prezida alinipigia simu. "Agronomu, tutoto tumekufa. Baridi ilitushinda."

Nikaenda kuangalia. Haikuwa baridi. Vifaranga vilivyokufa kwa baridi unavikuta vimepandiana rundo moja, vya chini vimebanwa pumzi. Hivi vilikuwa vimelala huku na kule chumba chote, hata karibu na maji. Nikamwambia: "Mama, hii si baridi, ni makala. Na kosa ni langu. Niliwaambia kufunga, sikuwaambia pa kuacha wazi."

Akanyamaza kidogo. "Basi uandike ile, na wengine wasikie."

Ndiyo naandika.

Kwa nini kifaranga hakijui kujipasha joto

Kuku mkubwa ana joto la mwili la digri 41 hivi, kuliko mtu. Kifaranga cha siku moja hakiwezi kulilinda joto lake. Manyoya yake ni yale laini tu, na mwili wake bado haujajifunza kazi hiyo. Mpaka wiki ya tatu hivi, joto lake linafuata joto la mahali kilipo. Mahali pakiwa baridi, na chenyewe kinapoa, kinaacha kula, tumbo linaharibika, kinakufa siku ya tatu au ya nne. Mwenye kuku anasema "ni ugonjwa," anakwenda kununua dawa. Mara nyingi dawa haikuhitajika. Usiku wa kwanza ndio uliokiua.

Wiki ya kwanza kifaranga kinataka digri 32 mpaka 35 pale kinapolala. Wiki ya pili 29 mpaka 32. Kila wiki unapunguza digri 3 hivi, mpaka ufike 21, na hapo manyoya ya kweli yameshaota. Kwa sisi wa kando ya ziwa, Uvira, Kiliba, Makobola, maana yake ni kwamba kuanzia wiki ya tatu mchana wa jua hauhitaji joto lolote, unahitaji usiku tu. Kwa ndugu zetu wa Lemera na wale wa juu zaidi milimani, hesabu ni nyingine: tayarisheni wiki tano, na mchana wa mvua pia.

Tena si chumba chote kinachotakiwa kuwa na digri 35. Hapo wengi wanakosea, na mimi nilikosea hapo hapo. Kifaranga kinahitaji mahali pawili: pa moto pa kulalia, na pa baridi kidogo pa kula, kunywa na kutembea. Kikisikia baridi kinakwenda kwenye joto, kikisikia joto kinaondoka. Angalia kuku mama na watoto wake uwanjani. Wanaingia chini ya bawa, wanatoka, wanaingia tena. Mama hapashi uwanja wote. Ukipasha chumba chote sawasawa, kifaranga chenye joto jingi hakina pa kukimbilia.

Kusoma vifaranga

Thermometre ya ukuta si ghali, na koperative ikinunua moja ni vizuri. Lakini usiitundike ukutani kwenye urefu wa macho yako, maana wewe si kifaranga. Iweke chini, pale mgongo wa kifaranga unapofika, kwenye ukingo wa mahali pa moto. Kama huna, vifaranga vyenyewe vitakuambia. Ingia saa mbili za usiku, usimame kimya, uangalie tu.

Vikikusanyika rundo karibu na joto na kulia kwa sauti ya juu, ni baridi. Vikikaa mbali na joto, midomo wazi, mabawa yamefunguka, joto limezidi. Vikijibana vyote upande mmoja, tafuta upepo unatokea wapi upande wa pili. Vikitawanyika, vingine vinakula, vingine vimelala na shingo imenyooka chini, na sauti ni ndogo tu ya kuongea, basi nenda ukalale.

Kuna dalili ya tano ambayo sikuwa ninaifundisha. Vikitulia kupita kiasi, vimelegea, macho yanafumba, na vinayumba ukiviamsha, usifurahi kwamba vimeshiba. Kama kuna makala ndani, fungua mlango wakati ule ule.

Njia nyingine ni miguu. Chukua kifaranga, gusisha miguu yake kwenye shavu lako. Ikiwa baridi, pumba za chini ni baridi, hata kama hewa ya juu ina joto. Kwa hiyo joto lianze saa kadhaa kabla vifaranga havijafika, pumba zipate moto kwanza. Watu wengi wanawasha karto ikiwa tayari mlangoni. Kesho yake asubuhi, shika vifaranga kumi, papasa kifuko cha chakula pale chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini, kifaranga kilikula na kunywa, na joto lilikuwa sawa. Kikiwa tupu, rudi kwenye joto kabla ya kulaumu chakula.

Makala inavyoua

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa si kuku tu wanaokufa.

Tunaogopa moshi kwa sababu tunauona, unachoma macho. Kwa hiyo tunawasha mbabula nje, tunasubiri moshi uishe, makala yawe mekundu mazuri, halafu tunaiingiza ndani tukiamini imekuwa safi. Ni pale inapodanganya. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa hewa moja ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, na damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika ile hewa nzuri. Mwili unakosa pumzi huku kifua kinapumua kama kawaida. Kifaranga kinapumua haraka kuliko mtu, kwa hiyo kinaanguka mbele. Mtu aliyelala haamki, maana hakuna kinachomsumbua.

Kwetu kuna hatari nyingine: dalili zake zinafanana na malaria. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu haina nguvu. Mtu anameza dawa ya malaria na kurudi kulala chumba kile kile. Ujiulize: je, sote tuliolala humu tunaumwa kichwa kwa pamoja? Je, tukitoka nje tunapata nafuu? Kama ni ndiyo, ni makala. Toa watu nje kwanza, fungua mlango na dirisha, toa mbabula, kisha peleka mgonjwa kituo cha afya na uwaambie wazi kwamba alilala na makala. Ukimkuta mtu ameanguka ndani, fungua, vuta pumzi nje, ingia haraka, mvute, toka. Usikae mle kumuamsha. Wengi wanakimbilia kumpa maziwa, kama tunavyofanyia mtu aliyemeza kitu. Maziwa yanakwenda tumboni, na sumu hii iko ndani ya damu. Mgonjwa anataka hewa safi, na daktari. Tena mtu asiye na akili timamu ukimnywesha anaweza kupaliwa.

Basi sheria ya kwanza, na naomba muiandike kwenye mlango wa nyumba ya kuku: hakuna mtu anayelala chumba chenye mbabula. Si kijana, si mlinzi, si mama anayehurumia vifaranga. Na vifaranga na mbabula visiwekwe ndani ya chumba mnamolala nyinyi. Najua nyumba ni ndogo, najua wezi wapo. Kama vifaranga lazima vilale nyumbani kwa sababu ya wezi, tumia joto lisilo na moto, ambalo nitalieleza chini.

Funga upepo chini, acha hewa juu

Hili ndilo nilipaswa kusema mwezi wa saba. Upepo unaoumiza kifaranga ni ule unaopita chini, kwenye mgongo wake. Juu ya hapo hewa ipite. Tengeneza duara la makarto, mikeka au mabati ya zamani, urefu wa sentimita 40 mpaka 50, uvizungushe vifaranga humo. Liwe duara kweli, bila kona, kwa sababu vikiogopa usiku vinakimbilia kona na kuuana kwa kukanyagana. Kwa vifaranga 100, mita 2 kutoka upande mmoja mpaka wa pili zinatosha wiki ya kwanza. Kila baada ya siku tatu au nne unapanua. Duara hilo ndilo linalofunga upepo. Dirisha na nafasi ya juu chini ya mabati vibaki wazi, na upande wa pili kuwe na tundu la chini, nje ya duara, ili hewa mpya iingie chini na iliyochoka itokee juu.

Chini tandika pumba za mpunga, na hizo kwenye bonde hazikosekani, sentimita 5 mpaka 8. Unga wa mbao usitumie, vifaranga vinaula. Karatasi laini peke yake pia hapana, miguu inateleza na kufunguka.

Ukilazimika kutumia mbabula, iweke juu ya matofali, si juu ya pumba. Pumba za mpunga hazilipuki. Zinaungua polepole chini kwa chini, na unagundua saa kenda za usiku. Ondoa pumba zote nusu mita kuizunguka, halafu izungushie mabati au matofali ili kifaranga kisiigusie. Funika makala kwa majivu yawake taratibu. Shitingi, magunia na mosikitere vikae mbali, maana shitingi ikishika moto inadondosha matone yanayowaka. Na hata ukifanya yote haya, matundu ya hewa hayafungwi. Yanapunguza sumu, hayaimalizi. Kwa hiyo sheria ya mlangoni inabaki pale pale.

Joto bila moto ndani

Kwa maoni yangu, koperative yenye vifaranga chini ya 100 haihitaji makala ndani hata kidogo.

La kwanza ni bidon ya njano ya lita 5. Chemsha maji jikoni jioni, acha yapoe kidogo ili bidon isijikunje, jaza, funga kizibo sana, uvingirishe kitambaa. Uilaze katikati ya duara. Vifaranga vitajipanga kuizunguka kama kwa mama yao. Inashika joto saa kadhaa, kisha unabadilisha. Chupa nyembamba za plastiki zinaharibika. Tafuta bidon ngumu.

La pili ni matofali ya kuchoma. Matatu au manne yanakaa kando ya moto wa kupikia jioni. Yakishika moto unayatia ndani ya sufuria kuukuu yenye kifuniko, unaiweka juu ya mchanga ndani ya duara. Gusa sufuria kwa nje; ikikuchoma mkono, subiri. Tafadhali tumieni matofali makavu. Jiwe la mtoni lenye maji ndani yake linaweza kupasuka kwenye moto na kuumiza mtu.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: sanduku la nyasi. Wafugaji wa Kenya na Ethiopia wamelitumia miaka mingi. Halina joto lake lenyewe. Linalinda joto la vifaranga vyenyewe visilipotee. Tengeneza sanduku la mbao au karto ngumu, ndani yake weka ukuta wa pili wa wavu au gunia, na kati ya kuta hizo mbili shindilia nyasi kavu sentimita 10. Kwa vifaranga 50, nafasi ya kulala ya sentimita 70 kwa 70 inatosha mwanzoni. Juu weka wavu, na juu ya wavu mto wa kitambaa uliojazwa nyasi, uache upenyo mdogo wa hewa pembeni. Mbele toboa mlango mdogo, uunganishe na duara la kula na kunywa. Mchana vinatoka, usiku vinaingia vyenyewe. Siku mbili za kwanza utavisukuma kwa mkono.

Baada ya mavuno ya mpunga mabua ni bure kabisa. Lakini yawe makavu kweli. Nyasi zenye ukungu zinaleta ugonjwa wa mapafu, na kifaranga kinapumua mdomo wazi kama vile joto limezidi, unachanganyikiwa. Zikilowana badilisha. Na sanduku likiwa na vifaranga 10 tu halifanyi kazi, havina joto la kutosha. Hapo ongeza bidon. Siku tano za kwanza mimi naweka bidon hata kwa 50.

Kwa vifaranga 10 au 12, kuna njia ya zamani kuliko zote. Tafuta kuku wa kienyeji anayeatamia, na usiku, gizani, umwekee vifaranga chini yake. Asubuhi mara nyingi anadhani ni wake.

Wenye umeme

Wako wanaouliza kuhusu ampuli nyekundu ya wati 250. Ni nzuri umeme ukiwepo. Itundike sentimita 45 mpaka 50 juu ya pumba kwa mnyororo au waya wa chuma, na uongeze waya wa pili wa usalama. Usiitundike kwa uzi wake wa umeme, maana ukikatika ampuli inaangukia pumba. Tone la maji linaipasua, kwa hiyo isiwe juu ya chombo cha kunywea. Ampuli za kisasa zisizokula umeme hazina joto, hata ukiweka kumi. Na bidon ikae tayari daima, kwa sababu umeme ukikatika saa nane za usiku vifaranga haviwezi kungoja asubuhi.

Na jua? Nimeulizwa mara nyingi kama panneau ya jua inaweza kuwasha ampuli hiyo. Fanyeni hesabu nami. Wati 250 kwa saa 10 za usiku ni 2.500. Panneau ndogo ya wati 50, kwa saa 5 za jua kali, inaleta 250. Ungehitaji panneau kumi na betri za kutosha, kwa vifaranga 100. Acheni panneau iwashe taa ya kuangalia vifaranga, joto litoke kwenye bidon.

Kuondoa joto

Joto liondolewe pole pole. Wiki ya tatu anza kuondoa mchana, wiki ya nne acha usiku wa mvua tu. Angalia mabawa na mgongo: vikifunikwa na manyoya ya kweli, kazi imekwisha. Ukiona vinarudi kurundikana usiku wa kwanza bila joto, rudisha siku mbili tatu, hakuna aibu.

Mwezi wa kumi koperative ile ilinunua tena, safari hii vifaranga 100. Walitengeneza masanduku mawili ya mabua na bidon nne. Walipoteza saba, vingi vikiwa vile vilivyofika vimechoka na njia. Kijana yule ndiye aliyeomba kazi ya kubadilisha bidon, saa tano na saa tisa za usiku. Analala nyumba ingine, na simu ya Mama Prezida inamuamsha.